Orodha Haikuanza Juni 2024



Jumamosi ya Agosti 30 tulikuwa barazani tunatazama fainali ya CHAN. Moroko na Madagaska, uwanja wa Kasarani. Runinga imetolewa nje, waya umepitishwa dirishani, kahawa inazunguka. Harambee Stars yetu ilikuwa imeshatolewa na hao hao Wamadagaska kwa penalti, kwa hivyo hatukuwa na wa kumlilia, tulitazama kwa raha zetu tu. Ikaisha tatu kwa mbili, Moroko wakaondoka na kombe.

Katikati ya mchezo kijana mmoja wa miaka 19 akasema ule uwanja umekuwa mzuri wallahi, akipata nauli atapanda SGR aende apige picha pale. Mzee mmoja aliyekaa pembeni na kikombe chake, mtu asiye na maneno mengi, akamwambia: "Hapo ndipo walipofungiwa watu." Kijana akacheka. Alidhani mzee anatania mambo ya mpira, labda timu fulani ilifungwa vibaya pale. Mzee hakucheka.

Kijana hakuwa anajua. Na angejuaje? Aprili 2014 alikuwa na miaka minane. Hakuna aliyemwambia shuleni kwamba mwezi ule, katika operesheni iliyopewa jina la Usalama Watch, askari waliingia Eastleigh nyumba kwa nyumba wakazoa watu kwa maelfu. Wengi walikuwa Wasomali, Wakenya na wakimbizi wamechanganywa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Vituo vya polisi vikajaa, na watu wakapelekwa Kasarani kuchujwa. Uwanja wa mpira huo! Wanaume, wanawake, na watoto. Jamaa zao wakabaki nje ya lango wakiuliza nani yuko ndani.

Sasa sikiliza kilichoniuma. Agosti 30 hiyo hiyo, kila mwaka, Umoja wa Mataifa huadhimisha siku ya watu waliotoweshwa kwa nguvu. Wakati wa mapumziko nilifungua simu, nikakuta picha zinasambazwa: nyuso za vijana, majina, tarehe waliyochukuliwa, mahali walipochukuliwa. Kazi nzuri, imefanywa kwa uchungu. Nikateremsha kidole mpaka chini kabisa, nikapandisha tena, nikahakikisha. Jina la kwanza kwenye orodha ile lilikuwa la Juni 2024.

Mpira unachezwa Kasarani, siku ni ya waliotoweshwa, na orodha inaanza Juni 2024. Nikajiambia hili siwezi kulala nalo.

Nisieleweke vibaya. Mambo ya 2024 ni makubwa, na mimi nilikuwa barabarani. Mlioandamana mnakumbuka ile hali: Mswada wa Fedha, mabango ya kuandikwa kwa mkono, vijana wanaimba Anguka Nayo mbele ya magari ya maji kana kwamba wako kwenye harusi, hakuna kiongozi wala kabila. Juni 25 watu wakaingia Bunge na wengine hawakurudi nyumbani. Baada ya hapo zikaanza zile Subaru. Kijana anachukuliwa na watu waliofunika nyuso, gari halina namba za kweli, simu inazimwa. Desemba ikawa zamu ya wachoraji. Kibet Bull alikuwa akichora kivuli cheusi tu cha Rais, hakiandiki tusi wala hakimtaji mtu kwa jina, na kivuli hicho kikawatosha kumnyang'anya uhuru wake mpaka Januari. Mwisho wa Desemba Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema imehesabu visa 82 tangu Juni, na kwamba watu 29 walikuwa bado hawajulikani walipo. Rais akasimama Homa Bay akaahidi kwamba utekaji utakoma. Miezi haikufika sita, mwalimu Albert Ojwang akachukuliwa kutoka kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni, akasafirishwa mpaka Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Tukaambiwa amejigonga ukutani. Madaktari waliochunguza maiti wakasema sivyo.

Nchi nzima ililia, na ilikuwa haki yake kulia. Mimi pia.

Lakini mwezi ule wa Desemba, watu wakiwa wanaandika kwa mshangao kwamba jamani, Kenya hii mtu anaweza kuchukuliwa mchana na asionekane, niliona komenti za vijana wetu. Fupi fupi. "Sasa wameonja." "Karibuni." "Hiyo ni Jumatatu ya kawaida Majengo." Na vile vikatuni vya kucheka machozi vinafuata. Nitasema ukweli mbele yenu: hata mimi niliandika moja. Niliiacha kama dakika kumi, ikapata laiki za kutosha, halafu nikaifuta. Niliifuta kwa aibu, manake nilimfikiria mamake yule kijana akiisoma.

Ninaelewa inakotoka. Hasira hiyo haikuzaliwa bure. Miaka ile sisi tulipolia, nchi ilituuliza swali moja tu: mwanao alikuwa amefanya nini? Si nani amemchukua, wala kwa hati gani, wala yuko kituo gani. Alikuwa amefanya nini. Kama vile anayetoweka amejitowesha mwenyewe.

Hebu turudi nyuma kidogo, kwa ajili ya yule wa miaka 19.

Januari na Februari 2007, wakati watu wanakimbia vita Somalia, makumi ya watu walikamatwa upande wetu wa mpaka na kupakiwa kwenye ndege usiku, wakarudishwa Somalia, na kutoka huko wengi wakaishia jela za Ethiopia. Walikuwemo wanawake na watoto, na walikuwemo raia wa Kenya. Serikali ya Kenya ilimtoa raia wake nje ya nchi bila hakimu kumuona. Na sikilizeni hii: Februari 6, 2007, katikati ya majuma yale yale, Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu wote dhidi ya kutoweshwa kwa nguvu. Mkono mmoja unatia saini, wa pili unafunga mlango wa ndege. Mpaka leo mkataba huo haujaridhiwa. Marais wamepita na mabunge yamepita, ile saini imebaki peke yake kama jina kwenye kadi ya harusi ambayo haikufanyika.

Aprili 2012, Mombasa, wanaume wawili waliteremshwa kwenye gari la abiria na watu waliojitambulisha kuwa polisi. Mmoja, Samir Khan, maiti yake ilipatikana Tsavo siku chache baadaye. Mwenzake hajaonekana. Agosti mwaka huo Sheikh Aboud Rogo akapigwa risasi akiendesha gari, mkewe na jamaa zake wamo ndani. Aprili 2014 Abubakar Shariff, aliyejulikana kama Makaburi, naye akauawa kwa risasi barabarani. Wote wawili walikuwa na kesi au uchunguzi juu yao, na waliuawa kabla hayo hayajamalizwa mahakamani. Mengi waliyoyasema mimi siyakubali, nilikuwa siyakubali wakiwa hai na siyakubali leo. Lakini hilo halihusiki hapa. Ukianza kugawa haki ya kufikishwa mahakamani kwa kupima nani anapendwa na nani hapendwi, siku moja mizani itakuja kwako na utapimwa na mtu asiyekupenda.

Kisha 2021. Wakili, mwalimu wa dini, Hassan Nandwa, alitoweka Nairobi akiwa na mteja wake ambaye ndiyo kwanza amemaliza kifungo chake. Mtu amehukumiwa, ametumikia, ametoka, kisha akatoweka. Wakili alipatikana hai siku kadhaa baadaye huko Mwingi. Mteja hakurudi naye. Ikiwa mpaka wakili anatekwa, mnataka sisi tumpigie nani simu?

Najua mtu atasema: na Westgate? Na Garissa? Sijasahau. Watu 67 waliuawa Westgate, na 148 pale Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa umri wenu. Aliyepanga, aliyefadhili, aliyebeba bunduki, namtaka kizimbani, ashitakiwe hadharani, ahukumiwe. Hilo ndilo tunalolidai. Familia nilizokaa nazo hazijawahi kuniambia "mwachilieni hata kama ana hatia." Zinasema: kama ana hatia mfungeni, lakini tuonyesheni alipo. Mtu aliyetoweshwa hawezi kutoa ushahidi, hawezi kutaja waliomtuma, hawezi hata kuthibitika kwamba siye. Yule aliyemtowesha ameua kesi pamoja na mtu.

Mtaani kwetu kuna mama mmoja. Jina lake silitaji, na mtaa siutaji. Mwanawe alitoka kwenda kuswali Isha, miaka zaidi ya kumi iliyopita, akaonekana anaongea na watu wawili karibu na gari, basi. Mama alizunguka vituo. Kituo cha kwanza wakamwambia hawana mtu wa jina hilo, cha pili wakamwambia arudi kesho, na cha tatu afisa akamuuliza kama ana uhakika mwanawe hajavuka mpaka kwenda kujiunga na wale watu. Akarudi nyumbani akiwa mama wa gaidi. Asubuhi alitoka akiwa mama wa mtu aliyepotea.

Yale yaliyofuata hayaandikwi kwenye mabango. Yule kijana alikuwa na mke na mtoto mchanga. Haya niambie: yule mke ni mke au ni mjane? Akae eda kuanzia lini? Akiposwa, aitikie? Masheikh wana kauli zao kuhusu mume aliyepotea, wapo wanaosema angoje miaka minne, wapo wanaosema zaidi, na kila kauli ina dalili yake, lakini msichana wa miaka 22 anayesikiliza kauli hizo ukumbini kwa mamamkwe wake anasikia jambo moja tu, kwamba ujana wake umefungwa mahali na ufunguo anao mtu asiyemjua. Sheria ya nchi nayo inataka miaka saba bila habari ndipo mtu adhaniwe amekufa. Mpaka hapo hakuna cheti cha kifo. Bila cheti hakuna mirathi, pesa zake za benki hazitoki, kiwanja alichoachiwa na babake hakigawiki, na ndugu wameanza kutazamana vibaya. Kuna waliotaka kumswalia swala ya maiti asiyekuwepo. Mama akakataa. Alisema nikimswalia nitakuwa nimemuua mimi.

Kila Idi ananunua kanzu yake. Saizi ni ile ile ya miaka 21. Nilimuuliza siku moja, kwa upole, na akanijibu kwamba yeye hajui kama amenenepa.

Basi unaposema "wameonja", jua kwamba kuna mama mwingine Embu, mwingine Kajiado, mwingine Kisii, ameanza mwaka wake wa kwanza wa safari hii ambayo mama yetu yuko mwaka wa kumi na ushei. Huyo si mtu wa kuchekwa. Anahitaji mtu wa kumwambia kituo gani huwa wanadanganya na saa ngapi afisa wa zamu hubadilishwa.

Na nyinyi wenzetu wa bara mnaosoma hapa, maana najua mpo, nanyi nina neno lenu. Hii mashine haikuletwa nchini Juni 2024. Ilikuwa inajaribiwa. Gari lisilo na namba, barakoa, nyumba zisizo kwenye ramani, "hatuna mtu wa jina hilo", vyote vilifanyiwa mazoezi juu ya watu ambao mlifundishwa msiwaonee huruma. Mlifundishwaje? Si kwa hotuba peke yake. Mlifundishwa kwa kuchekeshwa.

Nilipanda matatu Nairobi mwaka juzi, siku ya Ijumaa, nimevaa kanzu na nimebeba begi la laptopu. Nikakaa. Msichana wa pembeni yangu akahama kiti. Hakunitukana, hakusema neno, alihama tu na akatazama dirishani. Konda akatania kwa sauti: "Begi ya ostadh tusiikaribie." Gari zima likacheka, na mimi nikacheka. Usiniulize kwa nini nilicheka, wengi wenu mnajua. Wiki ile ile nikakutana na kile kile kwenye video ya kuchekesha: mtu na ndevu za bandia, kilemba, begi, watu wanaruka madirishani. Maelfu ya watu wameipenda. Zimejaa video za namna hiyo, na wanaozitengeneza wengi si watu wabaya, wanatafuta riziki yao ya TikTok kama kila mtu. Lakini fikiria: mtu aliyecheka begi langu mara mia, siku ya mia na moja akiona mwenye kanzu anasukumwa kwenye Subaru, unadhani atatoa simu arekodi? Atageuza uso. Ameshazoea kwamba mimi ni wa kukimbiwa. Na wale askari kanzu (jina lenyewe hilo, tazama lilivyo na kejeli) wanajua vizuri sana mtaa gani watu watageuza uso.

Kibet Bull alitekwa kwa sababu ya utani wa kumcheka mkubwa, na sisi tulizoeleka kutekwa kwa sababu ya utani wa kumcheka mdogo. Wachekeshaji wa nchi hii wafikirie hilo kidogo.

Sasa angalieni kilichotokea Julai 2025. Baada ya maandamano ya kumbukumbu ya Juni 25, makumi ya vijana walipelekwa mahakama ya Kahawa, kule kule ambako kesi za ugaidi za watu wetu zimekuwa zikisikilizwa, wakasomewa mashtaka ya ugaidi. Vijana wa mawe na maji ya chupa. Sheria ni ile ile ya kuzuia ugaidi ya mwaka 2012. Wakati inapitishwa tulisema imeandikwa kwa mikono mipana mno, kwamba ugaidi humo unaweza kuvutwa ufunike chochote. Tukaambiwa tunatetea magaidi. Leo Kamau, Otieno na Wafula wanasomewa vifungu ambavyo zamani vilikuwa na harufu ya Majengo na Pumwani. Makanisa yalipaza sauti, mawakili walijaa kortini, wasanii waliandika. Alhamdulillahi. Hiyo ndiyo sauti tuliyokuwa tukiiomba miaka 13.

Kuna jambo jingine linalonikera, na hili ni letu ndani ya nyumba. Wakati watu wanatoweka miaka ile, wapo wakubwa wetu waliokuwa wakialikwa Ikulu kufuturu, wanakaa meza moja na wale ambao tulitaka waulizwe, wanapiga picha, wanarudi na tende. Nikiuliza kama lile jambo limezungumzwa naambiwa "tulizungumza faragha." Miaka yote hiyo faragha! Faragha hiyo haijawahi kumtoa hata mtu mmoja kwenye shimo. Wengine wakatupa nasaha kwamba kijana wa Kiislamu asiandamane, ajiweke mbali na siasa za barabarani, atulie asije akaonekana. Wallahi kama kutulia kungekuwa kinga, wale waliochukuliwa wakitoka kuswali wangekuwa nyumbani leo.

Kilichotusaidia miaka ile ni watu wachache wenye mafaili. Watetezi wa haki wa MUHURI na HAKI Africa waliokaa na familia, wakaandika jina, tarehe, saa, shahidi, wakachapisha ripoti. Nchi haikuzisoma lakini zipo. Aprili 2015, baada ya Garissa, serikali ikazifungia akaunti za benki asasi hizo mbili, ikaziweka kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuhusika na ugaidi. Zikaenda Mahakama Kuu, Mombasa, na kabla mwaka kuisha zikashinda. Na Februari mwaka huo huo Mahakama Kuu ilikuwa imefuta vifungu vinane vya ile sheria ya usalama iliyopitishwa bungeni kwa fujo na kumwagiana maji Desemba 2014, kikiwemo kilichotaka idadi ya wakimbizi isizidi 150,000. Nayasema haya kwa sababu kizazi chenu kimeambiwa korti hazina maana. Wakati mwingine kweli hazina. Lakini mtekaji anachokimbia ni korti. Angekuwa haiogopi angempeleka mtu huko.

Kwa hiyo jifunzeni haya, na mwafundishe wenzenu wa bara wanaoyahitaji sasa. Kifungu cha 49 cha Katiba: aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuongea na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kifungu cha 51 kinampa haki ya kuomba amri kwamba aletwe mbele ya jaji, ile amri ambayo mawakili wanaiita kwa Kilatini. Na kifungu cha 25 kinasema haki hiyo ya kuletwa mbele ya jaji haipunguzwi, iwe ni vita, iwe ni ugaidi, iwe ni Rais ameudhika. Mtu akichukuliwa, saa za kwanza ndizo zenye thamani. Usianze na kuandika "pray for" mtandaoni. Andika kwanza karatasini: saa, mahali, rangi ya gari, namba hata kama ni bandia, nguo alizovaa, nani aliona. Nenda kituoni na mtu wa pili, mkatae kuondoka bila namba ya OB. Wakikataa kukuandikia, andika jina la aliyekataa, au namba iliyo begani mwake. Kisha wakili, na ombi liende kortini siku hiyo hiyo. Baada ya hapo ndipo upige kelele zote za mtandaoni unazozijua, na hapo mna kipaji ambacho sisi hatukuwa nacho. Sisi tulikuwa na ripoti zisizosomwa. Nyinyi mnasomwa lakini hamna mafaili.

Na mkataba ule wa 2007 uridhiwe. Mbunge wako ana ukurasa wake, ana simu, anakuja mazikoni, anakuja harusini. Muulize mbele za watu. Mwambie umri wa saini ile umeshapita miaka 18, ingekuwa mtoto ingeshachukua kitambulisho.

Baada ya mpira ule nilipita kwa yule mama kumsalimia, kama ninavyofanya nikiwa nyumbani. Mjukuu wake, yule aliyekuwa mchanga, alikuwa ameshamuonyesha zile picha za simuni. Mama hasomi vizuri lakini majina anayatambua. Akaniuliza: "Mwanangu, jina lake limo?"

Nikamwambia, "Halimo, mama."

Akanyamaza. Akasema labda wameisahau ile ya zamani.

Usiku ule niliwaandikia wale vijana wa Nairobi waliotengeneza orodha. Sikuwajua, niliwatumia ujumbe tu. Niliogopa watanipuuza, au wataniambia hiyo ni habari nyingine, ya usalama wa taifa. Msichana mmoja alinijibu kabla ya alfajiri. Hakujitetea. Aliandika kwamba walianza pale ambapo wao walianza kuona, na akaniuliza ninayo majina mangapi, na kama yana tarehe.

Kesho yake nikarudi kwa mama na daftari. Nikamuuliza jina kamili, la kwake, la babake na la babu, kama lilivyo kwenye kitambulisho, manake shuleni walikuwa wanaliandika vingine. Akaingia chumbani, nikasikia kabati linafunguliwa. Akatoka na mfuko wa plastiki umefungwa fundo, ndani mna nakala ya kitambulisho, kadi ya kliniki ya utotoni, na karatasi tatu za vituo ambazo hakuwahi kuambiwa zimeandikwa nini. Akaniwekea mezani moja moja.

"Andika pole pole," akaniambia, "usikosee herufi."